Aden walifuta nisba, wakasahau kufuta mahali pa kuzaliwa

Juzi kwenye kundi letu la familia mtoto wa binamu yangu alituma video ya Aden, bandari ya kusini mwa Yemen, siku za vita vya Januari 1986: magorofa ya Maalla yanatoa moshi, vifaru vinapita katikati ya barabara, na chini kaandika, "Kwani Yemen ilikuwa na makomunisti?" Mmoja akajibu kwamba walikuwako, na Mungu akawalipa kwa kumkana. Mwingine, aliye Jeddah, akasema hayo yote ni ukabila, tangu zamani watu wa kule ni hivyo. Wa tatu akatia emoji ya kucheka. Mtu pekee katika ukoo wetu aliyekuwa Aden siku hizo ni ami yangu, na yeye hana simu ya namna hiyo, na hata angekuwa nayo asingejibu. Basi nimeamua kuandika mimi, kwa kirefu, maana majibu yote mawili yaliniudhi.

Ami alizaliwa hapa Mombasa, Kibokoni, baba yake mtu wa Shihr, mji wa Hadhramaut, mashariki ya Yemen Kusini. Mwishoni mwa miaka ya hamsini alipelekwa Aden kwa jamaa aliyekuwa na duka Kreta, mtaa wa Aden, ajifunze biashara. Wakati huo kwenda Aden ilikuwa kama kijana wa leo kwenda Dubai. Bandari ile ilikuwa miongoni mwa zenye shughuli nyingi duniani, meli nyingi za Suez zikisimama pale kujaza mafuta. Ami hakulipenda duka. Aliingia kazi ya ukarani bandarini, upande wa Tawahi, akabaki humo hadi 1987. Aliwaona Waingereza wakiondoka Novemba 1967, akaishi miaka ishirini chini ya waliokuja baada yao, na hakuwahi kuwa na kadi ya chama. "Kulikuwa na watu wa chama na watu wa foleni," huniambia. "Mimi n'likuwa wa foleni."

Kwanza tumjibu mtoto. Ndiyo, ilikuwa nchi ya kikomunisti, ya pekee katika ulimwengu wa Kiarabu. Wakati huo Yemen ilikuwa nchi mbili. Yemen ya Kusini ilipata uhuru tarehe 30 Novemba 1967 chini ya Jabha ya Taifa ya Ukombozi, chama kilichopigana na Waingereza, na kuanzia 1970 ikajiita Jamhuri ya Kidemokrasia ya Watu wa Yemen. Chama kikaungana na kupangwa upya mwezi wa Oktoba 1978 kikawa Chama cha Kisoshalisti cha Yemen, chenye Kamati Kuu, Politburo (wakubwa wachache wa juu wa chama), Katibu Mkuu, washauri wa Kirusi na walimu wa usalama kutoka Ujerumani Mashariki. Kulikuwa mpaka na kiwanda cha bia, kilichoitwa Sira, kwa jina la ngome iliyo juu ya bahari pale Kreta. Ndugu zetu wa Jeddah hilo la bia hawalisahau kamwe. Mengine wanayasahau.

Ila kuna jambo moja ambalo bila kulielewa hayo mengine hayaeleweki. Mwezi Juni 1967, miezi mitano kabla ya uhuru, mfereji wa Suez ulifungwa kwa vita, na haukufunguliwa hadi 1975. Meli zikapotea. Papo hapo Waingereza wakafunga kambi zao, na kambi zile ndizo zilizokuwa zikilipa wapishi, madereva, mafundi, waashi na madobi. Waliopokea nchi walipokea bandari isiyo na meli na mji usio na mishahara. Mwaka 1969 wakataifisha mabenki, bima na makampuni ya kigeni. Mwaka 1972 wakataifisha hata nyumba za kupangisha. Kwa hiyo ikafika mahali mtu akitaka mshahara, mwenye mshahara ni mmoja tu: serikali. Jeshi, wanamgambo, usalama, ofisi za chama. Na kuingia huko ulihitaji mtu wa kukuingiza, na mtu wa kukuingiza ni yule wa kwenu. Ami hasemi "kabila". Husema, "Kila mkubwa alikuwa na wake nyuma, wale wanaokula kwa mkono wake. Mkono ukikatika, hao nao njaa."

Sasa tazameni viti. Rais wa kwanza, Qahtan al-Shaabi, aliondolewa Juni 1969 na wenzake wa mrengo wa kushoto, akawekwa kizuizini nyumbani hadi alipokufa 1981. Akafuata Salim Rubai Ali, ambaye watu walimwita Salmin, mtu wa Abyan, mkoa ulio mashariki ya Aden, mpenzi wa China, aliyewachochea wakulima wajichukulie mashamba kwa nguvu. Wakati wake ndio uliokuwa mbaya kabisa kwetu sisi wa asili ya Hadhramaut. Kule bondeni mwanzoni mwa miaka ya sabini watu walifungwa nyuma ya magari wakaburutwa hadi kufa, wakiwemo masharifu wazee. Babu yangu alizipata habari hizo hapa Mombasa mdomoni mwa mabaharia, maana kwenye barua hakuna aliyethubutu kuziandika. Barua za Aden za miaka hiyo zilikuwa na salamu, hali ya hewa, na maombi ya kutumiwa kitambaa.

Na bado Salmin huyo huyo, mkiwauliza maskini wa Aden wa umri wa ami, wengi watawaambia alikuwa mwenzao. Alivaa kawaida, hakujijengea. Siwezi kuliunganisha hilo na magari ya Hadhramaut, na sitajaribu.

Mwaka 1978 akaliwa na yeye. Tarehe 24 Juni rais wa Yemen ya Kaskazini, Ahmad al-Ghashmi, aliuawa Sanaa kwa bomu lililokuwa ndani ya mkoba wa mjumbe aliyetoka Aden. Siku mbili baadaye wenzake Salmin wakamgeukia, Aden ikapigana kwa masaa, ikulu ikapigwa makombora, naye akauawa. Walioungana dhidi yake ni watatu, na majina yao myashike: Abdul Fattah Ismail, mwananadharia wa chama, ambaye asili yake ni Kaskazini, Ali Antar, askari wa milima ya Dali', kaskazini ya Aden, na Ali Nasir Muhammad, waziri mkuu, mtu wa Abyan. Yaani alitoka mkoa mmoja na Salmin. Aliye Jeddah asome hapo mara mbili.

Abdul Fattah akawa rais mwisho wa mwaka huo. Oktoba 1979 akatia saini mkataba wa urafiki wa miaka ishirini na Urusi ya Kisovieti. Aprili 1980 Ali Nasir na Ali Antar wakaungana wakamtoa, akasafirishwa Moscow kwa jina la matibabu. Ali Nasir akajikusanyia vyote: urais, ukatibu mkuu, uwaziri mkuu. Mwaka uliofuata akamvua Ali Antar wizara ya ulinzi. Machi 1985 Abdul Fattah akarudi kutoka Moscow, na safari hii yeye na Ali Antar, aliyemfukuza miaka mitano nyuma, wakawa upande mmoja dhidi ya Ali Nasir. Watu watatu, na adui wa jana ndiye mwenzi wa leo. Hapo mnaona kabila wapi? Mnaona Marx wapi?

Mimi naona kiti kisichokuwa na mlango wa kutokea. Hakukuwa na rais mstaafu Aden. Ukitoka unatoka maiti, mfungwa, au abiria wa ndege ya Moscow, na wale elfu kadhaa wanaokula kwa mkono wako wanajua hivyo. Kwa hiyo hawakuachi uondoke hata ukitaka.

Kabla sijafika Januari, nitie neno la mke wa ami, Allah amrehemu, maana angekuwa hai asingekubali niyaseme haya bila ya yake. Yeye alizaliwa Sheikh Othman na alijifunza kusoma akiwa mke wa mtu, katika kampeni ya kufuta ujinga, jioni, darasani na majirani zake. Sheria ya familia ya 1974 ilipotoka, iliyobana mitala, ikaweka kikomo cha mahari na kumpa mwanamke nafasi mahakamani, alikuwa akiweza kuisoma mwenyewe. Alipoletwa Mombasa na kuona mambo yetu ya harusi alituuliza kama tumerogwa. Miraa nayo serikali iliibana, ikawa ruhusa Alhamisi na Ijumaa tu, na kwa hilo peke yake, alisema, angewapigia kura makomunisti mpaka Kiyama, kama pangekuwa na kura.

Na nisba, yale majina ya kabila na ukoo, zilifutwa. Hili ndilo lililomfanya ami aanze kunihadithia, siku moja nilipomsaidia kujaza fomu. Chama kilisema ukabila umekwisha, basi majina ya kabila na ukoo yasitumike rasmi: jina lako, la baba, la babu, basi. Ndiyo maana viongozi wote wale mnawasikia kwa majina matatu makavu, Ali Nasir Muhammad, Salim Rubai Ali, kama orodha ya darasa. Sisi tunaoitana Ba-nani na Bin-nani mpaka kwenye kadi za harusi tutaona ajabu, lakini ami alisema mwanzoni wengi walifurahi, hasa waliokuwa na majina ya kudharauliwa. Kazini mtu alikuwa hajui mwenzake ni wa wapi asipomsikia lafudhi.

Ila kitambulisho kilibaki na mstari mmoja: mahali pa kuzaliwa.

Jumatatu, 13 Januari 1986, Politburo iliitwa kwenye kikao saa nne asubuhi. Mkutano mkuu wa chama ulikuwa umefanyika Oktoba, wapinzani wa Ali Nasir wakapata viti, na mji mzima ulikuwa ukinong'ona nani atamwahi nani. Silaha zilikuwa zimeshagawiwa pande zote. Wajumbe wakakaa. Mlinzi wa Ali Nasir akaingia na mkoba wa rais, kama desturi, akauweka penye kiti chake. Mkoba tena. Akaufungua, akatoa bastola ya rashasha, akammiminia Ali Antar risasi za mgongoni. Ali Nasir mwenyewe hakuwamo chumbani. Alikuwa njiani kwenda kwao Abyan. Ali Antar alikufa pale, na waziri wa ulinzi Salih Muslih Qasim, na Ali Shayi' Hadi. Waliobaki wakajibu kwa bastola zao, kwa maana wote walikuja kikaoni na silaha. Abdul Fattah na Ali Salim al-Beidh walitoka hai. Abdul Fattah alikufa siku hizo hizo, na mwili wake haukupatikana.

Ami alikuwa ofisini. Alisikia milio upande wa mlimani, akadhani mazoezi ya jeshi. Kisha redio ya Aden ikatangaza kwamba njama ya mapinduzi imezimwa na wahaini wanne wamehukumiwa na kuuawa, ikawataja kwa majina, Abdul Fattah akiwemo, ambaye kwa saa ile alikuwa bado hai. "Niliposikia hukumu imepita na kesi sikuisikia," asema ami, "n'kajua leo hakuna kwenda nyumbani."

Siku kumi na ushei. Meli za kivita zilipiga mji kutoka baharini, vifaru vikaingia kutoka Khormaksar. Barabara ya Maalla ile ndefu, ambako zamani zilikaa familia za askari wa Kiingereza, ikawa mstari wa mbele. Huku wa Ali Nasir, kule wa marehemu Ali Antar. Warusi waliokuwa wakilipia silaha zote zile hawakujua waunge mkono upande upi, wakaanza kuwaondoa watu wao kwa meli. Yati ya Malkia wa Uingereza, Britannia, ilikuwa ikipita ikielekea New Zealand. Ikasimama pwani ya Khormaksar na kuwachukua wageni zaidi ya elfu moja kwa mashua. Ami hulicheka hili kila mara. Miaka kumi na minane walikuwa wakiimbiwa shuleni jinsi walivyowafukuza Waingereza, na siku ya siku wazungu na Warusi wanakimbilia kwenye meli ya Malkia.

Siku ya nne au ya tano, maji yalipokwisha, ami na mwenzake wa ofisini walitoka kwa miguu kuelekea Kreta. Mwenzake huyu walikaa meza moja miaka tisa. Walisimamishwa penye kizuizi cha barabarani na vijana wenye vitambaa mkononi, hawakuulizwa jina. Jina halikuwa na faida, nisba zilikuwa zimefutwa. Walitakiwa vitambulisho, na yule kijana akaweka kidole moja kwa moja kwenye mstari wa mahali pa kuzaliwa. Cha mwenzake kilisema Lawdar. Lawdar ni Abyan. Cha ami kilisema Mombasa.

Kijana hakujua Mombasa ni ya nani. Alimwita mwenziwe, wakatazama, mmoja akauliza, "Hii iko upande wa Mukalla?" Ami akasema ni Afrika. Wakacheka, mmoja akamtupia Kiswahili kibovu alichokisikia bandarini, wakamrudishia kadi. Mwenzake aliambiwa abaki kidogo waulize jambo. Ami alisimama ng'ambo ya barabara kumsubiri hadi alipofukuzwa kwa bunduki. Hakumwona tena, wala mkewe hakumwona. Upande wa pili wa mji, vijana wa Abyan walikuwa wakifanya hivyo hivyo kwa kadi za Dali', Radfan na Yafi', kwao watu wa Ali Antar.

Nimeshasikia watu wakitumia habari kama hizi kusema: mnaona, ukabila ulikuwa pale pale, ukomunisti ulikuwa rangi ya juu. Sikubali. Vijana wale walizaliwa au kukulia ndani ya Jamhuri hiyo, walisoma shule zake, hawakuwa na kisa cha damu na watu wa Lawdar. Walichokuwa nacho ni kamanda aliyewapa kazi, na ujumbe wa redio kwamba wa Abyan wamewaua wakubwa wenu na zamu yenu inafuata. Mahali pa kuzaliwa ndiyo njia ya haraka ya kujua mtu anakula kwa mkono wa nani. Chama chenyewe ndicho kilichopanga watu hivyo, kikosi baada ya kikosi, kwa miaka kumi na minane, huku kikikataza wasitaje.

Makadirio ya waliokufa huanzia 4,000 hadi 10,000, katika nchi ya watu wapatao milioni mbili. Ali Nasir alishindwa akakimbilia Kaskazini na makumi ya maelfu ya watu wake. Na nani alishinda? Haydar al-Attas, ambaye siku ile alikuwa ziarani nje, akapitia Moscow akarudi kuwa rais. Na al-Beidh, aliyenusurika chumbani, akawa Katibu Mkuu. Wote wawili Wahadhrami, wala si wao waliokuwa wakigombania kiti. Walikipata kwa sababu walikuwa hai. Ikafanywa kesi ndefu, wakahukumiwa wengi, na Desemba 1987 wakauawa watano. Mwaka huo ndio ami alipopata ruhusa ya kutoka. Alikuja na sanduku moja na mkewe, na chama hakikufika mbali baada yake: Mei 1990 nchi ikaunganishwa na Kaskazini, kwa sehemu kwa sababu waliobaki hawakuwa na nguvu wala fedha ya kuiendesha, Moscow ikiwa imekata misaada.

Binamu zangu wanaodhani kisa kiliishia hapo, wafuate jina moja. Miongoni mwa maafisa waliokimbia na Ali Nasir 1986 alikuwamo mtu wa Abyan aitwaye Abd Rabbuh Mansur Hadi. Mwaka 1994 al-Beidh alipotangaza Kusini ijitenge, Hadi alikuwa waziri wa ulinzi wa Sanaa, na walioshindwa 1986 wakarudi Aden na jeshi la Kaskazini. Mji ukaanguka tarehe 7 Julai, ukaporwa, na kiwanda cha Sira kikachomwa. Mwaka 2012 Hadi akawa rais wa Yemen nzima. Na Agosti 2019 vikosi vyake, vingi vya Abyan, vilipigana Aden na wapiganaji wa Baraza la Mpito la Kusini, lililotaka Kusini ijitenge, la Aidarus al-Zubaidi wa Dali', ingawa kwa maneno wote walikuwa kambi moja dhidi ya Wahuthi, waliokuwa wameishika Sanaa.

Katikati yake kuna jambo ambalo halitumwi kwenye makundi. Tarehe 13 Januari 2006, siku ya kumbukumbu ya miaka ishirini, watu wa pande zote mbili walikutana Aden, kwenye jengo la jumuiya ya watu wa Radfan, wakasameheana hadharani. Serikali ya Sanaa ikaifungia ile jumuiya, maana watu wa Kusini wakipatana hasara ni yake. Mwaka uliofuata maandamano ya Kusini yakaanza, wastaafu wa jeshi mbele, wa Abyan na wa Dali' bega kwa bega. Nilipomwambia ami, alitaka kujua kama ni kweli walikutana Aden yenyewe, si hoteli ya Cairo. Nikamwambia Aden. Akauliza kama familia ya Lawdar ilikuwamo. Sikuwa na njia ya kujua.

Ali Nasir bado yuko hai ninavyoandika, mzee wa miaka themanini na kitu, aliishi Damascus miaka mingi, na huonekana kwenye televisheni za Kiarabu akisema kwamba wenzake walikuwa wakijiandaa kumwua yeye. Huenda ni kweli. Baada ya Salmin nani angekataa? Ami haangalii mahojiano hayo. Fomu ile niliyomsaidia kujaza, ya hospitali, ilikuwa na mstari wa mahali pa kuzaliwa. Nilitaka kuujaza mwenyewe maana najua jibu, akaninyang'anya kalamu.